Nimemfungia mume wangu mlango wa kazi ili tubaki wote Mirihi

Mshauri wetu mpendwa, nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyeniamsha salama, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana najua ukifika katikati utataka kuitupa barua hii, na mimi ningekuwa wewe ningeitupa pia, lakini jikaze.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile chenye dirisha la barabarani. Shule sikwenda mbali lakini kusoma nasoma, na safu yako siikosi, tunaisoma kwa sauti mimi na wateja wangu, na wengine wanaokuandikia tumewacheka kweli, Mungu anisamehe, leo ni zamu yangu. Ni mtu wa ibada. Kwenye kikundi chetu cha maombi mimi ndiye ninayefungua kwa sala, na wenzangu wakiwa na jambo zito huniletea mimi kwanza, kwa hiyo unaona jambo langu mimi sina pa kulipeleka.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nasema alikuwa kwa sababu mgongo ulimgomea, daktari akamwambia safari basi, ukiendelea utakuja kuendeshwa wewe. Lakini nataka uelewe ndoa yetu ilivyokuwa kabla ya hapo. Mimi niliolewa na honi, mshauri. Honi ikilia pale kona watoto wanakimbia, baba kaja, anakula, analala, nafua nguo zake zenye vumbi la nchi nisizozijua, namfungashia chakula, huyo anaondoka. Watoto wetu wote nimewazaa yeye akiwa mpakani anasubiri karatasi zigongwe muhuri. Simlaumu, alitulisha kwa jasho lake na nyumba hii ninayoshonea aliijenga yeye, nasema tu kwamba nilizeeka na mtu ambaye nilikuwa sijui anapenda kukaa upande gani wa kochi.

Alipobaki nyumbani akanyamaza. Anakaa barazani anasikiliza malori yanayopita barabara kuu, anasema, "Huyo anaua giaboksi," halafu kimya mpaka lipite lingine. Nikimletea chai anashukuru kama mgeni. Niliomba sana kipindi hicho, nilifunga na kuomba, nikasema Mungu nirudishie sauti ya huyu mtu hata akiitumia kunigombeza.

Sasa binti yetu mkubwa, ambaye ni nesi, kwake walipata mashine mpya ya gemu, hii ya zamani akasema apewe baba, apate cha kushika mikononi. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako na mvi zile acheze gemu kama mtoto aliyetoroka shule?" Akacheka, akaiunganisha kwenye televisheni, akachagua moja akasema, "Hii itamfaa, mama, hii ni ya kuendesha."

Gemu yenyewe ni ya Mirihi, ile sayari jirani yetu, nyekundu kama udongo wa matofali. Unapewa kigari cha magurudumu sita, hakibebi abiria wala mzigo, kina vyombo vya kupimia tu na mkono wa kuchimbia, na kazi yako ni kusafiri jangwani, kushuka mabonde na kutafuta barafu iliyofukiwa chini ya udongo. Binti anasema vigari vya kweli vimeshapelekwa kule na wataalamu, binadamu mwenyewe bado, na hizi picha za kwenye gemu zimefuatisha zile vilizotuma vigari hivyo. Basi nikaona mlima ambao wanasema hapa duniani hakuna wa kuufikia, nikaona mchana mbingu ina rangi ya vumbi, halafu jua likizama, pale linapozamia panageuka samawati. Huku kwetu jioni ni nyekundu na mchana samawati, kule kinyume. Nikasema Mungu ni fundi, amegeuza kitambaa kilekile akatuonyesha upande wa ndani.

Mume wangu hakucheza, aliendesha. Kabla ya kuondoka anakizunguka kigari chote anatazama gurudumu mojamoja. Binti akamwambia, "Baba, hapa hakuna pancha." Akamjibu, "Wewe wodini unamchoma mtu sindano bila kuitazama?" Giza likianza kuingia kule Mirihi anaegesha, hata gemu ikimwambia anaweza kuendelea, na anahakikisha kuna jiwe nyuma ya gurudumu. Rafiki yake wa barabarani, dereva mwenzake tunayemwita Breki Moja, alikuja kumjulia hali akamkuta yuko katikati ya jangwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mzee, hiyo ruti umeipata wapi?"

"Kaa chini. Mirihi hiyo."

"Huko kuna mizani?"

"Hakuna mizani, hakuna trafiki."

"Na mafuta?"

"Inakula jua."

Breki Moja akakaa. "Na sisi tunahangaika na barabara za hapa," akasema, na hakuondoka mpaka chai ikaisha mara mbili.

Mimi nilikuwa napita tu. Siku moja nikiwa na kitambaa begani mume wangu akaniita, kigari kimezama mchangani. "Mama, njoo ushike hii, mimi nisome ramani." Ramani iko kwenye televisheni ileile, lakini dereva wa lori hajiamini bila utingo, yule msaidizi wake wa kuteremka na kuangalia magurudumu, nami nikashika pedi yenye vitufe nikiwa sijui hata kimoja.

"Usikanyage mafuta," akasema. "Ukikazana unajizika. Punguza upepo kwenye matairi."

Wenye malori hufanya hivyo mchangani, tairi likipungua upepo linalala, linashika. Basi mimi mke mtiifu nikabonyeza kila kitufe natafuta pa kupunguzia upepo, mara taa zinawaka, mara kamera inatazama juu, mara mkono umeshuka unachimba.

"Nimesema upepo, wewe unatuchimbia kisima?"

"Huo upepo wenyewe uko wapi, baba?"

Akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni. Akatazama. Akarudi akakaa polepole. "Magurudumu yote ni chuma," akasema, na hapo mshauri tulicheka, tulicheka mpaka akashika mgongo na mimi kitambaa cha mteja kikaanguka chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu aliposhuka kwenye lori.

Kuanzia hapo nikawa utingo. Tukishakula na vyombo vikishaoshwa, tunasafiri. Mimi nashika ramani na kuchimba, yeye anaendesha. Watu wanaosema gemu ni ujinga hawajashika. Mimi kwenye cherehani nikikata vibaya kitambaa cha mtu nimeharibu, kule nikitumbukiza kigari korongoni narudi pale nilipoanzia na akili imeongezeka. Ukipanda kilima hujui upande wa pili kuna nini, na moyo unataka kujua, mikono inasahau kuuma. Na akiwa anaendesha anaongea. Kila kilima cha Mirihi kinamkumbusha kilima fulani cha kweli, anasema hapa ni kama pale nilipolala na lori likiwa limekatika ekseli, pale ni kama nilipopata habari kwamba umejifungua salama nikapiga honi mpaka wenzangu wakadhani nimepata wazimu. Hiyo habari ya honi sikuwa naijua, mshauri. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Nimemjua mume wangu Mirihi.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliposikia akaniambia michezo ile inamwondoa mtu duniani. Nikamwambia mimi dunia nimeshaikalia sana dirishani, na aliyeumba hapa ndiye aliyeumba na kule, kwa hiyo sioni nimetoka nyumbani mwake. Hilo halinisumbui, nakuambia ukweli. Linalonisumbua ni hili linalofuata.

Kuna bwana mwenye chuo cha udereva, ni mteja wangu, huniletea sare za walimu wake nishone. Alimwahidi mume wangu zamani kwamba akiacha safari atamtafuta. Akaja na kitambaa cha sare mpya, mume wangu siku hiyo alikuwa hospitali kwenye mazoezi ya mgongo, akaniambia, "Mama, namtaka mzee. Hakuna safari, ni uwanjani na mitaa ya karibu, atafundisha vijana, jioni yuko kwake. Mgongo wake unasemaje?"

Na mgongo wake unasema vizuri, mshauri. Daktari mwenyewe alishasema kazi ya namna hiyo anaiweza. Mimi nikafungua mdomo nikasema, "Bado hajatulia. Anaumwa." Sikupanga, ilitoka kama sindano inavyoruka. Niliona tu kochi lile upande wake liko tupu.

Akasikitika. Akasema atamsubiri mpaka vijana wapya waanze mwezi ujao, baada ya hapo atachukua mwingine, na akaacha kitambaa cha sare moja ya ziada. "Akipata nafuu mshonee na yake, uniletee zote pamoja." Sare za wenzake nimeshamaliza. Kile cha ziada nimekiweka chini ya nguo nyingine na kila nikivuta kitu kinatokeza.

Na mume wangu sikumwambia. Juzi tukiwa kwenye kochi akasema, bila kunitazama, "Yule bwana wa chuo alisema angenitafuta. Naona kimya. Labda wameona mzee amechakaa." Nikasema, "Labda ana shughuli." Akasema, "Labda." Akawasha mashine, na safari hiyo hakukagua magurudumu.

Nimeshindwa kufungua kwa sala kwenye kikundi, nimesema koo linauma.

Lakini nimefikiri nikapata njia, na mimi si mtu wa kukaa na tatizo nikilitazama. Mpango wangu ni huu. Naenda kwa yule bwana kimyakimya, namwambia mzee amepona, mwite kana kwamba ndiyo kwanza unamtafuta, na usimwambie kama ulikuja. Anapata kazi, moyo wake unatulia, mimi natubu kwa Mungu, hakuna aliyeumia. Na hiyo mashine nimwambie binti aje aichukue, nijiadhibu, maana ndiyo iliyonitia tamaa. Nataka tu uniambie kwamba ni sawa, nianze.

Ni mimi,
Utingo wa Mirihi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Utingo,

Si sawa, na usianze.

Barua yako sikuitupa. Niliisoma mpaka mwisho, na pale penye upepo wa matairi nilicheka peke yangu mpaka nikaulizwa. Nimekuelewa. Mwanamke aliyeishi na honi miaka yote hiyo, akapewa mtu mzima kochini anayeongea, si ajabu akamng'ang'ania. Ungeniandikia kwamba unaogopa kumpoteza tena, ningekupa pole na kuishia hapo. Lakini hukuogopa tu. Ulimsemea mtu mzima mwenye akili zake, ukamvika ugonjwa alioupona, ukamwacha ajione amechakaa na wewe umekaa pembeni yake na jibu mdomoni.

Mpango wako una werevu, ndiyo maana unanitia hofu. Unataka kufuta uongo mmoja kwa kumkodi mtu mwingine akusaidie kusema wa pili. Yule bwana ni mteja wako leo, kesho ni bosi wa mumeo, watakaa uwanjani wakinywa chai, watasimuliana. Siku atakapoteleza ulimi, mumeo atajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mkewe alimnyima kazi, na kwamba bosi wake alilijua hilo akamficha. La kwanza atakusamehe. La pili litamfanya ashindwe kuwatazama nyote wawili.

Halafu unasema utatubu kwa Mungu. Tubu, ni vizuri. Lakini Mungu hukumdanganya, alikuwepo na alisikia. Aliyedanganywa ana jina, ana miwani, na anakaa upande fulani wa kochi ambao sasa unaujua. Wewe unayebeba mizigo ya wenzako katika maombi, ungemwambia nini dada aliyekuja na habari hii? Najua ungemwambia nini. Ungemwambia aende akaseme.

Mashine iache hapo ilipo. Gemu haikukutuma. Usiibebeshe mzigo wako halafu ukaifukuza nyumbani ili ujione umetubu, na tena unamwadhibu nani? Mumeo ndiye atakayebaki anatazama ukuta. Mchezo uliomrudishia mtu kicheko, ukamfanya akuhadithie alivyopiga honi mtoto wake alipozaliwa, huo umefanya kazi ambayo washauri kama mimi tunashindwa. Na kutaka kujua kuna nini upande wa pili wa kilima hakujawahi kuwa dhambi. Huyo dada wa maombi mkaribishe siku moja ashike ramani.

Kitu ambacho hukukiona ni hiki. Yule bwana alikuambia kwa mdomo wake, jioni yuko kwake. Na safari zenu ni jioni. Kazi ile haikuwa inakunyang'anya chochote, ila wewe uliposikia neno kazi ukasikia lori. Hukuuliza. Unapima watu kutwa nzima, mabega, kiuno, urefu wa mkono, hukati kitambaa bila kupima, lakini moyo wa mumeo umeukata kwa kukisia. Hujawahi kumwambia kwamba jioni zile unazipenda, sivyo? Unadhani anajua. Mtu aliyezoea kulala njiani na lori lililokatika ekseli hajui kitu kama hicho mpaka aambiwe kwa maneno.

Sasa fanya hivi. Leo, mkiwa mmeshakula, mashine isiwashwe kwanza. Mwambie yote, kuanzia yule bwana alipoingia na kitambaa mpaka alipoondoka, maneno yake na yako, usiyapige pasi. Mwambie ulijua fika, kama daktari alivyosema, kwamba kazi ile anaiweza. Kisha mwambie kwa nini ulifanya vile, na hapo usilie mapema, maana ukilia ataacha kukasirika ili akubembeleze, na hasira hiyo ni haki yake. Mpe nafasi. Akitoka nje akakae barazani, usimfuate. Akikaa kimya siku kadhaa, pika, shona, salimia, ngoja.

Kesho yake asubuhi nenda chuoni mwenyewe. Usitume mtu, usipige simu. Mwambie yule bwana, "Nilikudanganya, mume wangu ni mzima, na nimemwambia." Basi. Usimwombee kazi na usimkatalie. Ataitafuta mwenyewe au ataiacha mwenyewe. Sare usiishone ili kumshtukiza kwa furaha, hizo furaha za kushtukiza zimekutosha. Kitambaa kitoe ulikokificha, kiweke mezani anapokiona, ungoje akuite umpime.

Akiikubali kazi, mwombe jioni zako. Waziwazi, kama unavyodai mteja arudi kujaribu nguo. Akisema leo nimechoka na wale vijana, siku hiyo mwache, lakini kesho yake dai. Akiikataa kazi kwa hiari yake, hilo nalo ni lake, na hakuna atakayesema umemzuia.

Na kwenye kikundi, acha kusingizia koo. Waambie wenzako wiki hii afungue mwingine kwa sala kwa sababu una jambo la kumaliza nyumbani. Hutapungukiwa heshima. Utashangaa ni wangapi watakaokufuata nje wakanong'ona kwamba na wao wana lao.

Mumeo anaweza kukugombeza leo. Si ndicho ulichokiomba ulipofunga, urudishiwe sauti yake hata akiitumia kukugombeza? Keti, uisikilize yote. Mume anayekukasirikia akijua ukweli yuko karibu na wewe kuliko anayecheka na wewe bila kujua.